Tafadhali Tuambieni Injini Hii Itakufa Lini

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kiwanda,
Upande wa Injini Zinazopozwa kwa Upepo na Oili.

YAH: KUDUMU KUPITA KIASI KWA INJINI YA MUME WANGU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya kama ilivyo injini yako, maana uzima kupita huo sijauona kwa kiumbe yeyote.

Mimi ni mshonaji wa nguo, mke wa mtu, mama wa watoto waliokwisha kuwa na watoto. Anwani yenu nimeitoa nyuma ya kile kijitabu cha maelekezo kilichokuja na pikipiki, ambacho mume wangu amekivisha jalada la nailoni kisije kikanyeshewa. Humo mmeandika kwamba mteja mwenye lalamiko lolote asisite kuwaandikia. Nimesita tangu nikiwa msichana. Leo nimeacha kusita.

Najua barua mnazozoea kupokea. Huyu analia injini yake imenoki, yule inamwaga oili, mwingine pistoni imetoboka naye anataka mpya. Hao wana bahati yao na nawaombea heri. Langu mimi ni kinyume. Injini mliyomuuzia mume wangu haifi, haiumwi, haizeeki, wala haina dalili. Ukiweka mguu kwenye kiki, hujameza mate imeshaitika.

Ili tuelewane, nieleze hali ilivyo. Mume wangu alikuwa msoma mita za maji mpaka alipostaafu. Pikipiki hiyo aliinunua akiwa kijana, kabla hajanijua, kwa hiyo nilipoolewa niliikuta ndani. Ndiyo maana naiita Bi Mkubwa, na watoto wanaiita hivyo, na yeye mwenyewe akijisahau huiita hivyo. Ni ya silinda moja, mbavu zimemtoka kama mbuzi wa kiangazi ili upepo upite katikati. Mbele imevaa kitu kama kitana, ambamo oili hupita kupunga hewa kabla ya kurudi ndani, na chini ubavuni ina kioo kidogo cha kutazamia oili hiyo. Redieta haina. Maji haiyajui. Inaishi kwa upepo wa Mungu na oili ya dukani, basi.

Sasa naingia kwenye malalamiko, nikiyapanga kwa namba ili karani wako asipate taabu.

1. La kwanza ni la ahadi. Mume wangu alipokuja kuniposa alikuja na Bi Mkubwa, akamwegesha chini ya dirisha la karakana ya baba. Baba yangu alikuwa seremala, mtu asiyeukubali mlango mpaka aufungue na kuufunga yeye mwenyewe. Akatoka nje penseli iko sikioni, akaizunguka pikipiki, akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole kama alivyogonga mbao kusikiliza wadudu. Akasema, “Binti yangu hawezi kuzeekea juu ya kitu hiki.” Mposaji akajibu mbele ya wajomba zangu wote kwamba siku injini hiyo itakapokufa atanunua gari, na mimi nitakaa kiti cha mbele.

Baba akacheka kichinichini. Akanifuata jikoni kuninong'oneza: “Tulia mwanangu. Chuma hiki hakifiki mbali. Kabla mtoto wako wa kwanza hajaanza shule utakuwa unapungia watu dirishani.” Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akarudi sebuleni na kuongeza sharti: injini ife kifo chake yenyewe. Isiuzwe, isigawiwe, isiuawe. Wajomba wakaitikia. Siku ya kuondoka alinipandisha nyuma kwa mikono yake, na katika mawaidha yote ambayo baba huwapa mabinti siku hiyo, yeye alinipa moja tu: “Shika sana.”

Mheshimiwa, mtoto wangu wa kwanza leo anasoma gazeti kwa miwani. Baba ametangulia mbele ya haki. Wajomba wameisha mmoja baada ya mwingine, na maziko yao yote tumeyahudhuria juu ya injini hiyo hiyo. Mashahidi wa ahadi wamekwisha, na yule aliyesubiriwa kufa ndiye aliyetupeleka kuwazika. Mimi sikusoma sheria, lakini hapa naona pana kasoro.

2. La pili ni la kunyimwa kuona. Tangu niolewe sijapata kuiona barabara. Naona kola. Nimeisoma shingo ya mume wangu kuliko mtu yeyote alivyosoma kitabu chochote: najua chunjua iliyo nyuma ya sikio, najua kovu la kinyozi, na mvi za kisogoni nimeziona zikiingia unywele kwa unywele, mwenyewe hana habari. Kola za mashati yake nazishona mimi, zikichakaa nazigeuza, zikichakaa tena naweka mpya, maana ndiyo mandhari yangu na mtu hupamba anachokitazama. Mgeni akiniuliza njia ya hospitali namwelekeza hivi: utaona ukuta wa kijani ubavuni, halafu duka la saruji ubavuni, halafu utasikia kona. Mbele kuna nini, sijui. Nadhani kuna mlima, kwa sababu pale hulazimika kumkumbatia zaidi.

Na mazungumzo yote ya ndoa yetu yamefanyikia kwenye sikio lake la kushoto. Kuna mambo ambayo tukiwa ndani ya nyumba hatuambiani, kila mtu na kikombe chake. Tukishapanda, tunaambiana kwa kupiga kelele, na njia nzima inasikia. Habari ya mimba ya kitinda mimba nilimpa wakati tunaingia kituo cha mafuta, na mtu wa pampu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa hongera.

3. La tatu linamhusu jirani yetu mfamasia. Huyu alinunua pikipiki ya kisasa, yenye redieta, feni, pampu ya maji, na taa nyekundu ya kumjulisha akianza kuchemka. Akaja kusimama uani kwetu, akamtazama Bi Mkubwa juu mpaka chini, akasema, “Mzee, hii si pikipiki. Hili ni jiko la mkaa lililotiwa matairi.” Mume wangu hakukasirika. Alimjibu taratibu, “Jirani, mimi nimefanya kazi na maji maisha yangu yote. Nimeingia nyumba za wenye nacho na za wasio nacho. Kazi ya maji ni kuvuja.”

Maji hayakumwangusha mume wangu. Mpira wa redieta ya jirani ulitoboka njiani, naye kwa haraka ya kwenda kufungua duka akakaza mwendo, taa nyekundu akaiona kama pambo. Injini ikanoki palepale. Na baada ya hapo ikawaje? Akanunua gari! Sasa mke wake anakaa kiti cha mbele. Anapita mbele ya geti letu vioo vimefungwa, ananipungia kwa vidole viwili, kama mtu anayefukuza inzi lakini hana nia hasa. Mwanamke yule na mimi tuliolewa mwaka mmoja. Mume wake alichagua vibaya, yeye akastarehe. Wangu alichagua vizuri, mimi nala vumbi. Hebu niambieni mnawafundisha watu nini.

4. La nne ni kwamba mmenifanya kuwa mwanamke wa hila, nami sikulelewa hivyo. Sharti la baba nimeliheshimu: sikuua. Lakini hakuna mjomba aliyesema kwamba kitu kisichoshwe.

Nina kaka yangu ambaye mtaa mzima unamwita Vunja. Ukimwazima jembe anarudisha mpini. Ukimwazima mpini anarudisha samahani. Nilimwita mwenyewe, kwa sauti tamu, nikamwazima Bi Mkubwa msimu mzima wa kusomba matofali, akipandisha mlima na kushuka na kupandisha tena. Mume wangu hakukataa, kwa sababu shemeji ni shemeji. Vunja alipoirudisha, udongo ulikuwa umeziba mbavu zote, hata hukujua ni injini au kichuguu, nikajisemea moyoni kwamba leo hewa imekata. Vunja akakaa kwenye ngazi, jasho linamtoka. “Dada, hiki kitu kina nini? Kiti kimechanika, taa imepasuka, stendi imepinda. Injini inacheka tu.” Udongo ule niliutoa mimi mwenyewe kwa mswaki wa zamani, ubavu kwa ubavu, kwa sababu nyumba yangu ni safi na siyo kwa sababu nyingine.

Nikabadili mbinu. Nikaamua nisifanye chochote. Asubuhi moja nilipita uani nikakiona kioo, oili iko chini ya mstari. Nikapita zangu. Nikakaa kwenye cherehani kushona sare za shule, na mume wangu anatafuta kofia yake ya kuendea mjini. Mheshimiwa, mimi cherehani yangu naitia mafuta kila asubuhi kabla sijatia kitu kinywani. Chombo kikavu nakisikia kwenye meno. Pindo la kwanza likaenda upande. La pili likanishinda. Kabla hajaipata hiyo kofia nilikuwa nimechuchumaa uani na chupa ya oili, najaza mpaka katikati ya mistari, nafuta na kiganja. Hilo ningeomba msilinukuu popote.

Mwisho nikaenda kwa fundi pikipiki, nikamuuliza kwa heshima injini ya aina hii hufa kwa ugonjwa gani. Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe. “Mama, oili mnabadilisha kwa wakati?” Nikamwambia tunabadilisha. “Asubuhi mnaiacha ipate moto kwanza?” Inapata. “Mzee anaipandishia sauti?” Nikamwambia huyo hata mimi hajawahi kunipandishia sauti. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kazi ya kupeleka taarifa ya msiba. “Basi mama yangu, itatuzika.” Akaniambia kwamba yeye pia ana kinyongo nayo, maana zile za maji ndizo zinazomjengea nyumba, na hii yetu haijapata kumwachia hata boliti.

5. La tano ni la wivu, na nalisema wazi kwa kuwa uzee hauna aibu ya kitu hicho. Asubuhi mume wangu humsalimia yeye kwanza. Huiwasha, huiacha ikanguruma polepole mpaka oili ipate joto, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayetegea sikio redio ya nyumba ya pili. Mimi nikikohoa, husema, “Kunywa maji.” Bi Mkubwa akikohoa, mtu mzima anavua koti na kupiga magoti.

6. La sita ni la vipuri, na hapa naomba mhandisi wako aitwe asikilize.

Mume wangu ana nyonga ya chuma upande wa kushoto. Meno yake ya juu ni ya kutengenezwa. Jicho la kulia lilitolewa mtoto wa jicho likawekewa kioo. Mimi nimefunguliwa kwa uzazi, nikafunguliwa tena kwa ajili ya nyongo. Katika sisi watatu wa nyumba hii, ni Bi Mkubwa peke yake ambaye hajapata kufunguliwa. Ni kweli fundi huondoa vile vifuniko vidogo vya juu akarekebisha vali, lakini huko ni sawa na kumpanulia kinywa daktari wa meno. Tumbo lake hakuna ajuaye lina nini. Ukihesabu vipuri, mtu aliyenioa na mtu ninayeishi naye leo wanakaribia kuwa watu wawili. Injini ni ile ile.

Alipolazwa kwa ajili ya hiyo nyonga, daktari alimkataza pikipiki mpaka mfupa ushike. Mume wangu akanivuta mkono pale kitandani, macho yamelegea kwa dawa, sauti haitoki. Nikadhani ananiaga. Nikainama, machozi yako karibu. Akasema, “Usimwache akae bila kuwashwa.”

Basi mimi, mke wa halali, kila asubuhi kabla ya kwenda wodini nilikuwa uani nimepandisha gauni mpaka magotini nampiga kiki mke mwenzangu. Mwanzoni ilinirudishia teke, nikaitukana, ikaelewa. Nikawa naikalia pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa ikipata moto, sina la kufanya, nikaanza kuisikiliza. Ndipo nikasikia vali moja inagonga kwa mbali, tik, tik, kama sindano ya cherehani iliyolegea. Nikamwita fundi akairekebisha. Mume wangu aliporudi na magongo yake aliisikiliza kwa muda, akaniambia, “Ajabu. Kulikuwa na kitu kinagonga, kimepona chenyewe.” Wanaume waachiwe miujiza yao.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa, naleta maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia jepesi.

Naomba kwanza muweke umri wa kustaafu kwa injini. Mume wangu alistaafishwa na idara ya maji akiwa bado anazisoma namba za mita kwa mbali kuliko vijana waliomrithi. Hakuna aliyemuuliza kama bado anaitika. Iweje chuma kiwe na ajira ya kudumu kuliko baba wa watoto?

Kama hilo ni zito, basi nipatieni hati ya kifo ya Bi Mkubwa, yenye muhuri wa kiwanda. Suala la kwamba atakuwa bado ananguruma lisiwasumbue. Mbele ya familia tutasema ni kawaida kwa marehemu wa aina yake.

Mkiogopa kuandika uongo, mleteni huyo mhandisi aliyeibuni. Tutampokea vizuri. Atapandishwa nyuma ya mume wangu, aende hospitali na kurudi, mlima na kona, na nitamkabidhi kola aitazame njia nzima. Akishuka ataniambia mwenyewe kama alipokuwa anachora zile mbavu alimfikiria mwanamke.

Na kwa siku za mbele nawashauri mtengeneze injini maalumu kwa wateja waliooa: yenye adabu, inayofanya kazi vizuri mpaka mtoto wa kwanza aanze shule, halafu inaaga siku ya Jumapili mchana, nyumbani, watu wote wakiwapo. Mkishindwa haya yote, sina budi kuomba kiwanda kifungwe. Wafanyakazi wote wafundishwe kushona. Nitaanza na wale wa mikono myepesi.

Nilitaka niishie hapo. Lakini kuna la saba, na nikisema ukweli ndilo lililonikalisha kuandika.

7. Juzi tulikuwa tunatoka kwenda kliniki. Alitia kiki, Bi Mkubwa akaitika palepale kama kawaida yake. Aliyebaki amesimama kuvuta pumzi ni yeye. Alishika usukani, akainamisha kichwa, nikadhani anaisikiliza injini. Hakuwa anaisikiliza. Alikuwa anasubiri kifua kitulie. Zamani hao wawili walikuwa wanaanza pamoja.

Naogopa, Mheshimiwa. Kukosa gari siogopi, nimeshazoea. Naogopa asubuhi ambayo injini hii itaitika kwa kiki moja na mbele yangu hakuna kola. Sharti la baba lilisema kila kitu kuhusu kufa kwa injini, na kuhusu mwenye injini halikusema hata neno. Wazee wale walidhani ni wazi nani angetangulia. Sasa ninyi mnaojua kukifanya kitu kikadumu hivi, kwa upepo na oili kidogo, bila maji, bila kufunguliwa, kwa nini ujuzi huo mkaumalizia kwenye chuma? Hapa kuna mume. Nyonga moja mmeshaikuta ya chuma, kazi imeanza. Mwambieni mhandisi aziache pikipiki kwa muda, aje anitengenezee huyu.

Baada ya kusema hayo, nakuomba uwasalimie wote hapo kiwandani: mlinzi wa getini, wanaokaza boliti, wanaopaka rangi, wanaojaribu injini na kusema hii imepita, ingawa hao wangekaza macho kidogo. Msalimie mkeo, na kama unampakia nyuma, mpe pole yangu. Msalimie na mama yake yule mhandisi. Mwambie kosa si lake, amelea mtoto asiyejua kufanya kazi kwa ulegevu.

Wako katika kusubiri,
mteja wenu kwa njia ya ndoa,
Mke Mdogo (wa baada ya injini).

Nyongeza:

Haya nayaandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya posta, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba, hivyo mwandiko uvumiliwe. Barua ilichelewa kutoka kwa sababu posta ni mbali na usafiri wa kunileta mnaujua.

Katika kungoja huko, mwanangu yule wa kwanza, mwenye miwani, alikuja nyumbani na gari. Akaweka ufunguo mezani. Akasema ahadi ile ilimfunga baba yake, yeye haikumfunga. Kwa hiyo Bi Mkubwa aishi mpaka achoke, na mama akae mbele. Nililia, nikacheka, nikaenda kuvaa gauni nililolishona kwa ajili ya siku hiyo zamani sana, nikalifumua ubavuni kidogo lipite. Tulipopita kwa mfamasia nilishusha kioo na kupunga mkono mzima, vidole vyote, mpaka kwapa.

Kisha nikaitazama barabara. Niliitazama kweli. Mheshimiwa, kumbe mbele hakuna kitu! Ni pembeni pale pale, ila panakujia kwa kasi. Mlima upo, kama nilivyosema, na si mkubwa.

Mikono sikujua niiweke wapi. Niliiweka mapajani, nikaiweka kwenye mkoba, nikaushika mlango. Tulipofika mlimani mwili wangu ukainama mbele wenyewe kama ulivyozoea, mkanda ukanidaka kifuani. Ulinikumbatia vizuri tu, lakini haukuwa mtu. Mume wangu alikuwa kule kwenye usukani, anatazama kioo cha mbele, katikati yetu gia na breki ya mkono, shati lake naliona kwa upande na kola yenyewe imejificha chini ya sikio. Sikio la kushoto lilikuwa upande wangu, karibu kabisa, kimya kizuri, hakuna upepo, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Akaniuliza, “Mbona umenyamaza?” Nikamwambia, “Na wewe?” Tukarudi hivyo hivyo mpaka getini.

Alishuka akaenda kukaa kwenye ile ndoo karibu na Bi Mkubwa. Mimi nikabadili gauni. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kuchuchumaa kutazama kioo, oili iko katikati ya mistari. Nikachukua mswaki nikaanza ubavu wa juu. Akanitazama, halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeyajua mambo siku nyingi na akakaa kimya kwa adabu, “Vali pia ulikuwa wewe.” Nikamwambia avae kofia twende posta, nina barua.

Njiani nilimpigia kelele habari yote ya barua hii sikioni, namba kwa namba. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba, na mimi nilishika sana.

Kwa hiyo naomba karani wako afute la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano na la sita, pamoja na maombi yote, na kiwanda kisifungwe. Badala yake nitumieni chujio la oili na gasketi ya vifuniko vya vali, za kwenu wenyewe, zisiwe za kuiga, na mzigo uandikwe jina langu. Gari tumemwachia mwanetu aliendeshe yeye, anaonekana analipenda.

La saba lisifutwe.

Naishia hapa. Ameshawasha huko nje, nasikia imepata moto.